Orquesta Aragón ya Kuba na Suala la Kuiga katika Uhakiki wa Nyimbo

Utangulizi

Katika tasnifu za wanafunzi wanaoshughulikia nyimbo za dansi, kuna kauli inayojirudia mwaka hadi mwaka, kwamba muziki huu "uliigwa kutoka Kuba". Kauli hiyo huwekwa katika sura ya kwanza, kisha mwandishi husonga mbele kwenye dhamira na tamathali za usemi kana kwamba suala la asili limekwisha. Upande wa pili wapo walimu wanaoitumia kauli hiyohiyo kuzuia mada. Katika vikao vya kupitia mapendekezo ya utafiti husikika hoja kwamba wimbo wa dansi si mali yetu, hivyo mwanafunzi aende akatafute ngoma au nyimbo za jando. Neno moja tu, "kuiga", linatosha kuufunga mlango.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo. Ni nani aliyeigwa? Ni kitu gani hasa kilichochukuliwa? Na baada ya kuchukuliwa, lugha za waliochukua zilikifanya nini? Maswali haya hayajibiki kwa kuitaja Kuba kwa ujumla. Kwa hiyo nimechagua bendi moja, Orquesta Aragón, iliyokuwa kati ya bendi za Kuba zilizopendwa sana Afrika, hasa katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa na Ubelgiji. Sahani zake za santuri zilichezwa Dakar, Bamako, Conakry, Brazzaville na Kinshasa.

Chimbuko la bendi

Orquesta Aragón ilianzishwa tarehe 30 Septemba 1939 katika mji wa bandari wa Cienfuegos, kusini mwa Kuba. Mwanzilishi wake, Orestes Aragón Cantero, alikuwa mpigaji wa besi kubwa ya kusimama. Tangu mwanzo aliiendesha bendi kama ushirika, ambapo mapato yaligawanywa sawa baina ya wanamuziki. Jambo hili lisipuuzwe. Bendi nyingi za dansi, za kwao na za kwetu, zimevunjika kwa sababu ya nyota mmoja na mfuko wa fedha. Aragón haikuvunjika, na mwaka 2019 ilitimiza miaka 80.

Mwaka 1940 alijiunga mpiga fidla aliyekuwa bado mvulana, Rafael Lay. Mwanzilishi alipougua, Lay ndiye aliyeshika uongozi mwaka 1948, akaendelea nao hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 1982. Baadaye mwanawe, Rafael Lay Bravo, alirithi nafasi hiyo. Mwaka 1953 bendi ilianza kurekodi na kampuni ya RCA Victor, na katikati ya miaka hiyo ya 1950 akaingia Richard Egües, mpiga filimbi ambaye sauti yake ndiyo watu wengi huikumbuka wanapolitaja jina la Aragón.

Kundi la namna hii Wakuba huliita charanga. Lina filimbi ya mti, fidla kadhaa, piano, besi, ngoma mbili za chuma ziitwazo timbales, na güiro, yaani kibuyu chenye mikato kinachokwaruzwa kwa kijiti. Katika miaka ya 1940 charanga ziliongezewa ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja, tumbadora. Msomaji aliyewahi kukaa karibu na wanamuziki wa dansi wa Afrika Mashariki atalitambua neno hili bila kufasiriwa, kwani wapigaji wetu huiita ngoma hiyo "tumba".

Aliyeigwa naye alikopa

Hapa ndipo hoja ya kuiga inapoanza kuyumba. Jina kamili la zamani la kundi hili ni charanga francesa, yaani charanga ya Kifaransa. Mwishoni mwa karne ya 18, mapinduzi ya watumwa wa Haiti yalipoanza mwaka 1791, walowezi wa Kifaransa pamoja na watumwa wao walikimbilia mashariki ya Kuba. Miongoni mwa vitu walivyokuja navyo ni dansi ya ukumbini iliyokuwa imekwisha kuchanganyika na midundo ya Waafrika wa Haiti. Kuba nayo ilikuwa na dansi ya jamii hiyohiyo iliyotoka Hispania. Kutokana na mchanganyiko huo ulitokea mtindo wa danzón, na wimbo unaohesabiwa kuwa danzón ya kwanza ulipigwa na Miguel Faílde mjini Matanzas mwaka 1879.

Kwa hiyo, mwaka 1939 Orestes Aragón alipounda bendi yake, alikuwa anashika fidla na filimbi za Ulaya, kibuyu na ngoma zenye asili ya Afrika, na mtindo uliopitia kisiwa cha tatu. Ukimuuliza mhakiki wetu anayesema "tuliiga Kuba" aeleze Kuba hiyo ni ipi, itambidi ataje Paris, Haiti, Madrid na bonde la mto Kongo. Kuba iliyo safi, isiyokopa, haikuwepo.

Tuchukue mfano wa neno moja ambalo walimu wa Kiswahili watalifurahia. Mwaka 1938 Orestes López, mwanamuziki wa bendi ya Antonio Arcaño, alitunga danzón aliyoiita "Mambo". Wataalamu wengi hulihusisha neno hili na lugha ya Kikongo, ambayo watumwa walifika nayo Kuba na kuendelea kuitumia katika ibada na nyimbo zao. Katika Kikongo, diambu ni jambo au neno, na wingi wake ni mambu. Undugu na jambo na mambo ya Kiswahili uko wazi. Lakini tuwe waangalifu: neno halikutoka katika Kiswahili. Ni ndugu wawili wa ukoo mmoja wa Kibantu, mmoja alibaki na mwingine akavukishwa bahari kwa pingu.

Chachacha: mtindo uliowasikiliza wachezaji

Umaarufu wa Aragón ulipanda na chachacha. Mtindo huu hawakuubuni wao. Uliasisiwa na Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Orquesta América, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wimbo wake "La engañadora" ulienea mwaka 1953. Jorrín alikuwa ametambua kwamba wachezaji wengi walitatizwa na midundo iliyokatwakatwa ya danzón ya wakati ule. Akatunga tuni zenye mapigo ya wazi, na wanamuziki wakaimba maneno kwa pamoja, kwa sauti moja isiyopishana. Jina lenyewe linasemekana kuiga mkwaruzo wa viatu sakafuni.

Hapa inafaa wanafunzi waonywe kwamba chachacha isichanganywe na chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki. Majina yanakaribiana kwa sauti tu.

Ikiwa Jorrín ndiye aliyeasisi, Aragón ilifanya nini? Ilifanya kile ambacho mshairi hodari hufanya na bahari aliyoikuta: iliisafisha na kuipa adabu. Wimbo wa Egües uitwao "El bodeguero", wa mwaka 1955, ni mfano mzuri. Unamhusu muuza duka wa mtaani anayecheza chachacha katikati ya bidhaa zake, na kibwagizo kinamkumbusha mteja alipe deni. Ni jambo dogo kabisa, sawa na kibao cha "Mkopo kesho" tunachokiona katika maduka yetu. Mwaka 1958 mwimbaji maarufu wa Marekani, Nat King Cole, aliuweka wimbo huu katika albamu yake ya Kihispania.

Tuusikilize kwa sikio la mhakiki. Fidla hazionyeshi ufundi wa kupaa, bali zinarudia kifungu kifupi tena na tena, kama watwangaji wanaopokezana mchi. Waimbaji wanatamka kwa pamoja, na kila silabi inasikika. Waimbaji wanapovuta pumzi, filimbi inaingia na neno lake, inatania au kukubali, kisha inanyamaza kabla ya kumkatiza mtu. Hakuna anayegombea nafasi. Huu ni mpangilio wa mazungumzo: anayesema, anayeitikia, na anayetia chumvi pembeni. Kwa maoni yangu, huo ndio mchango mkubwa wa Aragón. Walionyesha jinsi ya kuliachia neno nafasi ndani ya muziki wa kuchezwa.

Kwa nini ulikubalika katika lugha zetu?

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba muziki huu "ulirudi nyumbani", damu ikaitambua damu. Ni maelezo matamu lakini hayatoshi, maana hayaelezi kitu kinachoweza kupimwa. Wanaisimu tuna la kuongeza.

Kwanza, silabi. Silabi nyingi za Kihispania huishia kwa irabu. Silabi za Kiswahili, Kilingala na Kirundi huishia kwa irabu karibu zote. Tuni iliyotungwa kwa ajili ya silabi wazi haimsumbui mtunzi wetu, hahitaji kubana konsonanti tatu katika pigo moja.

Pili, mkazo. Katika Kihispania, neno linaloishia kwa irabu kwa kawaida hupata mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno bodeguero, mkazo uko kwenye silabi ya gue. Hiyo ni kanuni tunayoifundisha mwaka wa kwanza kuhusu Kiswahili: dukáni, muúza, kulípa. Kifungu cha tuni kinachoanguka vizuri na neno la Kihispania kitaanguka vizuri na neno la Kiswahili bila kulipotosha. Hata jina la mtindo ni ushahidi. Wakuba huandika chachachá, mkazo ukiwa mwishoni kinyume na kawaida, ndiyo maana wanatia alama. Mswahili akilitamka chachacha kwa kanuni ya lugha yake, mkazo unarudi nyuma silabi moja. Neno limepokelewa, likaambiwa nyumba hii ina taratibu zake.

Kwa lugha zenye toni, kama Kilingala na Kirundi, mambo ni tofauti. Humo mtunzi anapaswa kuangalia tuni isigeuze maana ya neno. Hii ina maana kwamba chachacha ile ile, ikiingia katika lugha tatu, inazaa matatizo matatu ya utunzi na masuluhisho matatu. Je, huko ndiko kuiga?

Tatu, kibwagizo. Mwimbaji kutamka na kundi kuitikia ni utaratibu wa nyimbo zetu za kazi, za harusi na za mazishi. Msikilizaji wa Afrika hakuhitaji kufundishwa wapi aitikie.

Safari za muziki, kwenda na kurudi

Muziki wa Kuba ulikuwa Afrika kabla ya Aragón kusikika. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza huku sahani za mfululizo wa GV, zenye nyimbo za vikundi kama Trio Matamoros na Sexteto Habanero. Kwa hiyo Aragón ilipofika ilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea.

Katika Kongo, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953. Mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara huko Brussels, kundi lake lilitoa "Indépendance Cha Cha". Wimbo huo unautangaza uhuru na kuwataja viongozi na vyama vilivyoshiriki. Mtindo uliokuwa wa muuza duka na mteja wake ukabeba tangazo la taifa. Tazameni pia kilichotokea kwa ala: hakuna safu ya fidla wala piano ya Kikuba inayotawala, kwani magitaa ndiyo yaliyoshika kazi hizo. Baada ya miaka michache kazi hiyo ya magitaa ikawa na sura ambayo Mkuba mwenyewe asingeweza kuipiga bila kujifunza. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Sisi wa Maziwa Makuu tulipokea mengi ya Kuba kupitia mkono huo wa Kongo.

Mali ilifuata njia nyingine. Mwaka 1964 serikali ya Modibo Keïta iliwapeleka vijana kumi Havana kusomea muziki. Wakaunda Las Maravillas de Mali, charanga kamili yenye filimbi na fidla, wakatoa "Rendez-vous chez Fatimata". Hapa kweli kuna kuiga, na ni kuiga kwa shule, kwa nota na mwalimu. Lakini hata wao waliweka mkutano wa wimbo wao kwa Fatimata, si kwa muuza duka wa Havana.

Tanganyika nayo haikuwa nje. Mjini Morogoro, Salum Abdallah aliongoza Cuban Marimba Band hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Jina la bendi hiyo linafaa kuwa swali la mtihani. Cuban ni Kiingereza, ikitaja kisiwa ambacho wapigaji walikijua kwa sahani za santuri. Marimba ni neno la Kibantu. Na nyimbo zilikuwa za Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa sokoni. Anayeona humo kuiga tu, amesoma neno la kwanza akaacha yaliyobaki.

Athari haikwenda upande mmoja pia. Katika miaka ya 1970 Orquesta Aragón ilizuru nchi mbalimbali za Afrika, na ikarekodi "Muanga", wimbo wa Franklin Boukaka wa Kongo-Brazzaville, aliyeuawa mwaka 1972. Bendi iliyokuwa "inaigwa" ilikaa chini kujifunza wimbo wa Mwafrika. Nao Kabasele, katika kundi lake la African Team huko Paris, alipiga pamoja na mpiga filimbi wa Kuba, Don Gonzalo. Ni vigumu kumpata mwizi katika nyumba ambayo wenyeji na wageni wanaazimana vyombo.

Kasoro za bendi hii

Uhakiki si sifa tupu. Adabu ya Aragón, niliyoisifu hapo juu, ina gharama yake. Ukisikiliza nyimbo zao kumi mfululizo, utaona filimbi inaingia palepale, fidla zinarudia vilevile, na mwisho unautabiri. Maudhui nayo mara nyingi ni mepesi: mapenzi, mzaha, sifa za mtindo wenyewe. Mwanamke huonekana zaidi kama wa kutazamwa anapopita au anapocheza, mara chache kama msemaji mwenye hoja. Mwanafunzi anayetumia nadharia ya ufeministi atapata kazi ya kufanya.

Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walijaribu mtindo mpya walioupa jina la cha-onda. Ulipendwa, lakini haukufikia uenezi wa chachacha. Bendi inayodumu miaka mingi hukabiliwa na hatari ya kuwa mtunzaji wa kumbukumbu zake, na Aragón haikuikwepa hatari hiyo kila wakati. Waafrika waliochukua kutoka kwao walikuwa huru zaidi, kwa kuwa hawakudaiwa na yeyote kubaki kama walivyokuwa mwaka 1955.

Darasani tufanye nini?

Tatizo letu walimu ni kwamba tumezoea kuufundisha wimbo kama shairi lililoandikwa ubaoni. Tunanakili maneno, tunahesabu beti, tunatafuta tashbiha. Kwa njia hiyo wimbo wa dansi lazima uonekane dhaifu, kwa sababu nusu ya maana yake imeachwa kwenye spika. Na athari ya Kuba lazima ionekane kama wizi au kama muujiza wa damu, kwa kuwa mahali inapoweza kuonekana waziwazi, yaani katika mkao wa silabi juu ya pigo, hatupaangalii.

Napendekeza zoezi la vipindi viwili, lisilohitaji ala wala ujuzi wa nota. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wasikilize "El bodeguero" bila tafsiri, wapige makofi kwenye mapigo makuu, na waonyeshe kwa mkono kila mara sauti ya pamoja inapoingia na filimbi inapojibu. Kisha wasikilize "Indépendance Cha Cha" na waeleze ni ala gani imechukua nafasi ya filimbi. Katika kipindi cha pili kila kikundi kitunge maneno ya Kiswahili, mistari minne tu, yanayokaa katika mapigo hayo bila mkazo wa neno hata mmoja kuhamishwa. Wanaozungumza Kirundi wajaribu pia katika lugha yao na waeleze toni iliwazuia wapi. Katika zoezi kama hili mwanafunzi hugundua kwamba aliyetunga chachacha ya Kiswahili alikuwa mwanaisimu wa vitendo. Alizijua kanuni zetu za mkazo bila kuzisoma.

Hitimisho

Neno "kuiga" lina mahali pake katika uhakiki, kwani wapo walioiga, na wengine waliiga vibaya. Lakini lisitumiwe kabla ya kusikiliza. Orquesta Aragón ilikopa kutoka pande tatu za dunia, ikapanga mkopo huo kwa ustadi, ikawakopesha wengine, na mwishowe ikaja kukopa kwao. Lugha ya Kiswahili, yenye maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza yaliyotiwa irabu na kupangwa katika ngeli, ina historia ya namna hiyohiyo, na hakuna mwalimu miongoni mwetu anayekubali iitwe lugha ya kuiga. Basi tasnifu ya mwanafunzi kuhusu wimbo wa dansi itakapoletwa tena mezani, tumuulize kile tunachowauliza wanafunzi wa leksikografia kuhusu neno la mkopo: limeingiaje, limebadilikaje, na sasa linafanya kazi gani? Akiweza kujibu, apitishwe.